Mwezi Umechelewa, Umezidi au Umekatika: Kutafuta Hitilafu Kutoka Kizazini Hadi Kichwani

Kwa Kiswahili mwanamke huingia mwezini, na neno hilo moja limewapotezea wengi hesabu. Mwezi wa mbinguni huandama kila baada ya siku 29 au 30. Wa mwilini hauangalii mbinguni: kwa mtu mzima, siku 24 hadi 38 ni sawa, mradi zisirukeruke sana. Mwanamke wa siku 26 aliyeanza tarehe 2 Rajabu ataanza tena tarehe 28 Rajabu, kisha 24 Shaaban, kisha 21 Ramadhani, tukichukua Rajabu ya siku 30 na Shaaban ya 29. Hajaugua. Ametoka mwanzo wa mwezi akaangukia kumi la mwisho kwa sababu kila mzunguko wake hutangulia mwandamo kwa siku tatu na nusu hivi. Huku Lamu, ambako saumu za kulipa huhesabiwa moja moja, hesabu ya namna hii ndiyo ya kukaguliwa kwanza kabla mtu hajasema siku zake zimeharibika.

Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka ya kuhitaji pedi au kitambaa. Matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiwi. Mzunguko hupimwa kutoka siku hiyo ya kwanza hadi siku ya kwanza inayofuata, si tangu damu ilipokatika. Kosa hili peke yake hupunguza siku tano au sita na kumtia mtu hofu ya bure.

Amri inavyoteremka

Damu ni mwisho wa habari. Ndiyo maana kuanza na dawa za chango, kusafisha kizazi au kununua vidonge vya "kurekebisha homoni" mara nyingi ni kushona tanga wakati kilichokosekana ni upepo.

Chini ya ubongo ipo hipothalamasi, sehemu ndogo kama lozi. Hutoa homoni iitwayo GnRH kwa mapigo, pigo moja kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na taratibu zaidi katika nusu ya pili. Mapigo ndiyo siri yenyewe. Miaka ya 1970 Ernst Knobil na wenzake huko Marekani walionyesha kwa kima kwamba homoni hiyo ikitiririshwa bila kukatika, tezi iliyo chini yake huziba masikio. Ikitolewa pigo moja kwa saa, kazi hurudi. Njaa, dhiki, ugonjwa na kunyonyesha huvuruga mwendo huu wa mapigo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Tezi hiyo ni pituitari, ukubwa wa mbaazi. Ikipata mapigo yake hutoa homoni mbili, FSH na LH. FSH huamsha folikali kadhaa ndani ya ovari, yaani vifuko vya maji vyenye mayai, na baada ya siku chache kimoja hutangulia. Hicho kilichotangulia hutoa estrojeni na inhibini, zinazoiambia pituitari ipunguze FSH. Wenzake hufa njaa. Chenyewe kimekwisha kujiwekea akiba ya mishipa ya damu, kinaendelea.

Mpaka hapo estrojeni ni breki. Ikipanda kupita kama 200 pg/ml na kukaa juu kwa siku mbili hivi, inageuka kuwa kichocheo, na LH hufumka. Saa 36 hivi tangu LH ianze kufumka, yai hutoka. Kifuko kilichobaki kinageuka gimba la njano linalotoa projesteroni, ambayo hutuliza na kukomaza ukuta wa ndani wa kizazi. Gimba hilo lina umri wake, siku 12 hadi 14 kwa walio wengi. Mimba isipotunga hunyauka, estrojeni na projesteroni hushuka kama maji yakipwa, na ukuta humeguka. Hiyo ndiyo hedhi.

Kwa sababu nusu ya pili haibadiliki sana, mzunguko wa siku 35 ni wa yai lililotoka siku ya 21, si ya 14. Kuchelewa karibu kote hutokea kabla ya yai kutoka. Basi kwa kila dalili inayofuata, swali la kwanza ni lilelile: je, yai limetoka?

Siku zimepita na hazijaja

Kipimo cha mimba kwanza, hata kama una hakika. Mkojo wa asubuhi, kuanzia siku ya kwanza ya kuchelewa. Kikisema hapana na damu bado, rudia baada ya wiki moja, kwani yai lililochelewa kutoka huchelewesha na mimba kuonekana. Kuchelewa pamoja na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega si jambo la kungojea boti ya asubuhi. Huenda mimba imetunga kwenye mrija, na mrija hupasuka.

Kama si mimba, tazama nyuma. Ulikuwa na homa ya malaria, msiba, safari ndefu, wiki za kutolala? Jambo lililotokea siku ya 10 laweza kuchelewesha yai. La siku ya 26 kwa mwenye mzunguko wa siku 28 limekuta yai limekwisha kutoka, kwa hiyo usilitwike lawama. Kufunga mchana kwenyewe si lazima kukatize siku za mwenye afya anayefuturu na kula daku vizuri. Angalia kama uzito umeshuka.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo hufanya kazi kwa kuchelewesha yai. Baada ya kuimeza, damu yaweza kuja mapema au kuchelewa hadi wiki moja. Ikipita wiki, pima mimba. Anayeinunua mara mbili tatu kwa mwezi asishangae kupoteza mzunguko. Njia ya kudumu ya kupanga uzazi itamfaa zaidi.

Mwari aliyevunja ungo karibuni ana ruhusa pana zaidi. Katika miaka mitatu ya kwanza, siku 21 hadi 45 si ajabu, kwa sababu ubongo wake bado haujazoea kujibu estrojeni kwa kufumua LH. Mama na somo wasimkimbize hospitali kwa mwezi mmoja uliorukwa. Wampeleke kama zimepita siku 90 bila damu, au kama ametimiza miaka 15 hajavunja ungo, au miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti.

Kwa mtu mzima mpaka ni huu: miezi mitatu bila damu kwa aliyekuwa na mpangilio, sita kwa aliyekuwa hana.

Zinakuja kila baada ya miezi miwili mitatu, na ndevu zinaota

Hapa mshukiwa wa kwanza ni PCOS, yaani hali ya ovari kujaa folikali zilizokwama, na ndipo makosa ni mengi zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Mapigo ya GnRH yanakwenda mbio, LH inapata nguvu kuliko FSH, na ovari inatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Insulini ikiwa juu inazidisha hali hiyo. Folikali zinaamka, zinafika milimita 2 hadi 9, kisha zinakwama; hakuna inayotangulia. Yai halitoki, gimba la njano halipatikani, projesteroni haipo. Lakini estrojeni ipo, nayo inaendelea kujenga ukuta wa kizazi wiki baada ya wiki.

Tangu 2003 kwa mtu mzima hutakiwa mambo mawili kati ya matatu: mzunguko usio na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, kama nywele za kidevuni na kifuani au chunusi sugu, na ovari zenye folikali nyingi kwenye ultrasaundi. Karatasi ya ultrasaundi peke yake haitoshi. Mwanamke akiambiwa "una vivimbe kwenye ovari" huenda akadhani anahitaji kisu. Hivyo si vivimbe. Ni mayai yaliyokwama foleni, na hayakatwi. Kwa msichana ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, ultrasaundi isitumike kabisa kumpa jina hili, maana ovari za umri huo kwa kawaida huwa na folikali nyingi.

Kabla ya kulikubali jina, lazima thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa) zipimwe, kwani zote mbili huweza kuigiza hali hii. Sauti ikinenepa au nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache, PCOS haifanyi hivyo. Sababu nyingine itafutwe ovarini na kwenye tezi za juu ya figo.

Tiba inategemea unachotaka. Anayetaka mpangilio na ngozi nzuri, vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili vinafaa, kama hana shinikizo la damu, historia ya damu kuganda au kipandauso chenye kuona mimeto. Asiyevitaka apewe projesteroni ya siku 10 hadi 14 kila baada ya miezi miwili mitatu, ili ukuta ushuke. Kipimo chetu: isipite siku 90 bila damu, kwa sababu ukuta unaojengwa miaka bila kubomolewa waweza kugeuka saratani. Anayetafuta mtoto hupewa letrozoli na daktari, kwa kawaida miligramu 2.5 kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Metformini husaidia upande wa insulini. Huanzwa kwa miligramu 500 pamoja na chakula, la sivyo tumbo litalalamika.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 huweza kurudisha yai bila dawa. Kwa mwenye kilo 80 hizo ni kilo 4 hadi 8. Pa kuanzia panajulikana: chai ya vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku, mahamri, halua. Na wapo wembamba wenye PCOS, wasiambiwe haiwezekani.

Onyo kuhusu vijiti vya kupima LH kwenye mkojo: kwa mwenye PCOS, LH huwa juu wakati wote, hivyo mstari waweza kukoza siku kumi mfululizo na yai lisitoke. Afuate joto la mwili badala yake. Pima kabla ya kuinuka kitandani, kila siku saa ileile. Yai likitoka, joto hupanda kwa sentigredi 0.3 hadi 0.5 na kukaa huko mpaka hedhi.

Zimekatika kabisa

Baada ya kuondoa mimba na kunyonyesha, tafuta kwa kufuata njia ya amri.

FSH ikiwa juu, zaidi ya 25, na estrojeni chini, kichwa kinapiga kelele na ovari haisikii. Rudia kipimo baada ya wiki nne hadi sita. Kwa aliye chini ya miaka 40 huko ni kuchoka kwa ovari kabla ya wakati, na anahitaji homoni za kulinda mifupa na moyo, si pole tu. Kwa mwenye miaka 48, ni umri unaofika.

FSH ikiwa chini au ya kawaida na estrojeni chini, hitilafu iko kichwani. Kwa msichana anayejinyima chakula au anayefanya mazoezi makali, hipothalamasi imezima mapigo kuokoa nguvu. Dawa yake ni chakula na mapumziko. Vidonge vitaleta damu ya kukopa tu.

Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, pima prolaktini. Homoni hii hunyamazisha mapigo ya GnRH, na ndiyo inayomchelewesha mama anyonyeshaye. Kabla ya kuhofia uvimbe wa pituitari, kagua mkoba wa dawa: metoklopramidi ya kichefuchefu, haloperidoli na risperidoni huipandisha. Thairoidi dhaifu huipandisha pia. Damu itolewe asubuhi, baada ya kupumzika, bila kuminyaminya matiti kuona kama maziwa bado yapo, kwa maana kuminya kwenyewe hupandisha matokeo. Kichwa kuuma na macho kushindwa kuona pembeni kunataka picha ya MRI haraka. Wengi hupona kwa vidonge vya kabagolini bila upasuaji.

Swali moja husahaulika, na linaokoa maisha: je, ulivuja damu nyingi sana ulipojifungua? Pituitari hukua wakati wa ujauzito, na shinikizo la damu likiporomoka huweza kufa kwa kukosa damu. Dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka. Kisha hedhi hairudi, nywele za makwapani hupukutika, baridi na uchovu havimwachi. Mama huyu hakosi FSH tu. Homoni ya kumwezesha kustahimili ugonjwa, kotisoli, imepungua pia, na homa ya kawaida yaweza kumwangusha. Hali hiyo inatibika, lakini mpaka mtu aulize.

Vipimo vyote vikiwa sawa, angalia mlango wa mwisho. Kizazi kilichokwanguliwa baada ya mimba kuharibika huweza kushikana kuta. Kifua kikuu cha kizazi hufanya vivyo hivyo. Homoni zinapanda na kushuka kama kawaida, ila hakuna ukuta wa kumeguka.

Jaribio rahisi la kutenganisha haya: medroksiprojesteroni miligramu 10 kila siku kwa siku 7 hadi 10, kisha ngoja wiki mbili. Damu ikitoka, estrojeni ilikuwepo na kilichokosekana ni yai kutoka. Isipotoka, ama estrojeni haipo, ama njia imeziba.

"Sindano imenikusanyia damu tumboni"

Haikukusanya. Sindano ya miezi mitatu huzuia LH kufumka na kuufanya ukuta wa kizazi kuwa mwembamba. Damu haikutengenezwa, basi hakuna cha kukusanyika. Miezi ya mwanzo huja matone yasiyo na ratiba. Baada ya mwaka, karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni damu kabisa. Kisichosemwa vya kutosha wakati wa kuichoma ni kurudi kwake: yai laweza kuchukua miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho, wakati mwingine zaidi. Anayepanga mtoto mwakani achague kijiti, koili au vidonge, ambavyo uzazi hurudi upesi vikiachwa. Kununua vidonge vya "kusafisha sindano" ni kutupa pesa baharini.

Damu nyingi isiyokatika

Pedi kujaa kila saa moja au mbili, mabonge mapana kama sarafu ya shilingi ishirini, au damu kupita siku 8: hiyo ni nyingi. Pedi moja kwa saa kwa saa mbili au tatu mfululizo, au kuzimia, nenda hospitali sasa hivi.

Ikija kwa tarehe zake lakini ni nyingi, yai linatoka na tatizo huwa kizazini: faibroidi, koili ya shaba, au damu isiyoganda vizuri, jambo la kuchunguzwa kwa msichana anayevuja hivyo tangu alipovunja ungo. Ikija bila tarehe, baada ya kimya cha miezi, ni ukuta uliojengwa na estrojeni bila projesteroni kuutuliza. Umekuwa mnene hadi unaporomoka vipande vipande. Hali hii ni ya kawaida miaka ya mwanzo na ya mwisho ya uzazi, ila aliyevuka miaka 45 lazima ukuta uchunguzwe kabla ya kupewa homoni.

Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku zisizozidi tano, hupunguza damu. Haifai kwa aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya kula hupunguza damu na maumivu, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Pima wekundu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma visishushwe kwa chai wala kahawa tungu, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Acha saa moja au mbili.

Matone ya siku moja mbili katikati ya mzunguko, yai linapotoka, ni estrojeni imeteleza kidogo. Acha. Matone baada ya tendo la ndoa si ya homoni mpaka mlango wa kizazi uangaliwe.

Kuzuia siku kwa ajili ya Ramadhani au Hija

Noretisteroni miligramu 5 mara tatu kwa siku, ianzwe siku tatu kabla ya tarehe inayotarajiwa. Ukiacha, damu huja baada ya siku mbili au tatu. Hukumu ya kufanya hivyo iulizwe kwa wanaojua fikihi. Hapa tunaangalia kwa nini hushindwa. Sababu kubwa ni kuanza kuchelewa. Projesteroni yako ikishaanza kushuka, ukuta umekwisha kulegea, na kidonge hakiwezi kuugandisha tena; utapata matone ya kutatiza swala na saumu vyote viwili. Sababu ya pili ni kuruka dozi ya mchana kwa kuwa umefunga. Gawa dozi baada ya futari, kabla ya kulala na wakati wa daku, na mwambie mfamasia ratiba hiyo kabla ya kuondoka na vidonge. Aliyewahi kuganda damu asivitumie. Wala havizuii mimba.

Siku ya kutoa damu maabara

Kutoka Kizingitini au Kiunga hadi Amu, mji wa Lamu, si mwendo wa kurudia kwa sababu ya tarehe mbaya. FSH, LH na estrojeni hutolewa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Aliyekatika kabisa atoe siku yoyote. TSH, kipimo cha thairoidi, siku yoyote. Projesteroni hutolewa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, na hapa ndipo "siku ya 21" inapowaumiza watu: hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 atoe siku ya 28. Akitoa ya 21 atakuta yai ndiyo kwanza linatoka, projesteroni iko chini, naye ataambiwa hapevushi mayai. Ikizidi 3 ng/ml, yaani kama 10 nmol/l, yai lilitoka. Soma kipimo kiko kwenye kizio kipi kati ya hivyo viwili kabla ya kufurahi au kulia.

Uliza mapema kama kipimo kinafanyika hapo hapo au sampuli inasafirishwa, na siku gani. Taja sindano, kijiti au vidonge ulivyotumia. Na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho iandikwe juu ya karatasi ya maabara, kwa sababu LH ya 30 ni ya kutia shaka siku ya 3, na ndiyo inayotafutwa siku yai linapokaribia kutoka.